Wanafunzi wa sheria, mila na hukumu zisizosomwa

Kesi iliyowafanya Wakenya wabishane kuhusu sheria na mila pengine kuliko nyingine yoyote ilihusu maiti. Wakili Silvano Melea Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika shambani kwao Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukakataa: arudishwe Nyalgunga, Siaya, azikwe kama Mjaluo. Maiti ikakaa mochari miezi mitano huku mawakili wakivutana mahakamani kama mtu aliyewanukuu kina Shakespeare na kupenda kutazama Perry Mason kwenye televisheni bado anabanwa na mila za kwao. Mchimba makaburi alipanda kizimbani kutoa ushahidi. Magazeti yaliuzwa kama njugu. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo haki, na Otieno akazikwa Nyalgunga. Elimu, ndoa na maisha ya Nairobi havikutosha kumtoa katika sheria ya kimila ya kabila lake.

Swali lile halijazeeka. Mwanafunzi wa sheria wa leo, ambaye wakati wa mazishi yale hata wazazi wake huenda walikuwa hawajaoana, analiuliza upya akiwa na simu na rafiki mmoja wa kubishana naye. Podikasti haitaki mtaji mkubwa. Simu inarekodi, programu ya bure inahariri, YouTube haidai kitu, na Spotify, iliyofungua milango Kenya, Tanzania na Uganda Februari 2021, inapokea kipindi cha yeyote. Studio ni chumba cha hosteli chenye godoro lililosimamishwa ukutani ili kupunguza mwangwi, na ratiba inafuata umeme na kelele za jirani. Mada zenyewe unazijua hata kabla hujabonyeza: hijabu shuleni, rasta, mahari, urithi wa mjane, ndoa ya utotoni, kitambulisho cha taifa, ukeketaji, na lile swali la nani ni mwenyeji na nani mgeni.

Nimesikiliza vipindi vingi vya namna hii, vya Kiswahili na vya Kiingereza, na maoni yangu ni haya: vijana wamechagua mada sahihi, wana nafasi ya kuizungumza ambayo wakili aliyeapishwa hana, lakini wengi wanaijadili bila kufungua jalada. Saa nzima inakwenda kwa “mimi naona” na “wewe unaonaje”, wakati mila yenyewe ilishafikishwa mahakamani, ikahojiwa, ikaletewa mashahidi na kuandikiwa hukumu. Hukumu hiyo wanaiacha kwenye rafu.

Kwanza tuone kwa nini mada ni sahihi. Katika nchi zetu utambulisho hauishii kwenye hisia. Una fomu, una muhuri, una foleni. Wamakonde wa Kwale waliishi Kenya vizazi kadhaa bila vitambulisho, hadi Oktoba 2016 walipofunga safari ya kwenda Ikulu Nairobi kumwona Rais. Mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa pwani, wavuvi ambao wengi wao hawajui kwao pengine isipokuwa Kilifi, Kwale na Lamu, walisubiri hadi 2023. Wanubi wa Kibra ilibidi wafike mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambayo mwaka 2011 ilisema Kenya imewavunjia watoto wao haki ya uraia. Januari 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi ilipousimamisha mpango wa Huduma Namba, wa kuwasajili wananchi kidijitali, mpaka sheria za kutosha ziwepo, mmoja wa waliofungua kesi alikuwa jukwaa la haki za Wanubi hao hao. Na Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufuta ule usaili wa ziada waliokuwa wakifanyiwa vijana wa kaunti za mpakani kabla ya kupewa kitambulisho.

Kati ya wanafunzi wanaorekodi podikasti wamo waliopita katika usaili huo. Wamekaa mbele ya wazee na maofisa wakaulizwa jina la babu wa babu, wakati mwenzao wa darasani kutoka Nyeri au Kakamega alichukua kitambulisho chake kama anayechukua barua posta. Mwanafunzi kama huyo akisoma darasani ibara za uraia katika Katiba ya 2010, anazisoma kwa jicho ambalo mhadhiri wake huenda hana. Hapo ndipo podikasti ya chuo inapokuwa na thamani yake: inazungumzwa na mtu ambaye sheria imemgusa na ambaye sasa ameanza kupata zana za kuieleza. Mtangazaji wa redio ana jambo la kwanza bila la pili. Wakili mkongwe ana la pili, na la kwanza alishalisahau au anaogopa litamkosesha mteja.

Lakini zana zenyewe zinatumikaje? Chukua mjadala wa hijabu. Nimesikia zaidi ya mara moja kijana akisema kwa uhakika kwamba Mahakama ya Juu ya Kenya “ilipiga marufuku hijabu shuleni”. Haikufanya hivyo. Kesi ilianzia Isiolo, katika Shule ya Sekondari ya St. Paul Kiwanjani, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodist. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ilisema wasichana wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu pamoja na sare. Kanisa likakata rufaa, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile kwa sababu ya utaratibu: mzazi aliyeleta hoja ya hijabu aliingia kwenye kesi akiwa mhusika mwenye maslahi, na ombi lake halikuletwa kwa njia iliyotakiwa. Kuhusu hijabu yenyewe mahakama haikutoa uamuzi wa mwisho, na ilieleza kwamba mwenye hoja anaweza kuileta upya kwa njia sahihi. Mwanasheria anajua kwamba tofauti hii ndiyo kesi nzima. Mwalimu mkuu aliyeisikia podikasti ile akiwa kwenye matatu anafika shuleni na kumfukuza msichana getini, akiamini kwamba mahakama kubwa ya nchi iko nyuma yake.

Mwaka huo huo wa 2019, Septemba, Mahakama Kuu iliamua kesi ya msichana wa Kirastafari aliyezuiwa kusoma katika Shule ya Upili ya Olympic, Kibra, kwa sababu ya nywele zake. Jaji Chacha Mwita aliiona Urastafari kuwa imani inayolindwa na Katiba, na akaamuru msichana asizuiwe kuingia darasani. Kesi hizi mbili ukiziweka pamoja, kwa kusoma hukumu zote mbili, unapata kipindi ambacho hakuna redio itakayokupa: kwa nini rasta zilipita na hijabu ikakwama? Jibu halihusu dini ipi inapendwa na majaji. Linahusu nani alifungua kesi, aliifungua vipi, na aliomba nini. Jibu hilo msikilizaji anaweza kulitumia.

Wanafunzi hawakuanza jana kuipa nchi mawazo yao bila kuombwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, kwenye jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiofika ishirini. Hata muongo mmoja haujaisha, chuo kilikuwa na jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche, lililoanza 1969 chini ya kikundi cha wanamapinduzi wa chuo, USARF, na tawi la Vijana wa TANU. Lilipigwa chapa kwa stensili. Issa Shivji, wakati huo kijana wa sheria, alitoa humo uchambuzi wake wa tabaka jipya lililokuwa likijikita serikalini, maandishi ambayo mpaka leo yanajadiliwa kwa jina la Kiingereza yaliyochapishwa nalo, The Silent Class Struggle. Mwaka 1970 serikali ikalifunga jarida na kikundi chenyewe. Karim Hirji, aliyekuwa mmoja wa wahariri, alikuja kukusanya kumbukumbu zake katika kitabu kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2010.

Ninalitaja Cheche kwa sababu mbili, na hamu ya kukumbuka enzi si mojawapo. Ya kwanza: vijana wale walisoma. Kabla ya kuandika ukurasa mmoja walikuwa wamepitia rundo la vitabu na takwimu za makampuni, na ukiwasoma unaona jasho. Ya pili ina uchungu kidogo: jarida lilikuwa na jina la Kiswahili na makala za Kiingereza. Mkulima aliyekuwa akitetewa humo asingeweza kulisoma. Podikasti nyingi za leo zimerithi kasoro hiyo bila kujua. Jina la kipindi ni la Kiswahili, salamu ni za Kiswahili, kisha hoja inapoanza kuwa nzito lugha inahamia Kiingereza na hairudi mpaka wakati wa kuagana.

Kuna sababu ya hilo, na uvivu ni sehemu ndogo tu. Sheria inafundishwa kwa Kiingereza. Tanzania imeendesha mahakama za mwanzo kwa Kiswahili miaka yote, lakini ukipanda ngazi hadi Mahakama Kuu kumbukumbu na hukumu zilikuwa za Kiingereza, hata kama kila mtu chumbani, pamoja na jaji, alikuwa akiwaza kwa Kiswahili. Mwaka 2020 Jaji Zephrine Galeba aliandika kwa Kiswahili hukumu katika shauri lililohusu mgodi wa North Mara, na mapema mwaka uliofuata Bunge likapitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Katika utendaji bado Kiingereza kinatamba. Mwanafunzi anayefanya mtihani wake kwa Kiingereza akitaka kueleza kwa Kiswahili tofauti kati ya mahakama kukosa mamlaka na shauri kukosa mashiko, anajikuta hana mahali alipowahi kulisikia likielezwa. Anayelieleza kwenye maikrofoni, kwa mifano, akarudia mpaka likaeleweka, anafanya kazi ambayo vyuo vyetu vimeiacha bila mwenyewe. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutaka podikasti hizi ziishi.

Sasa niingie ndani ya kipindi kimoja, kwa kuwa kusema “someni hukumu” ni rahisi. Tuseme mada ni mwanamke na ardhi ya ukoo. Kipindi cha kawaida kinaanza na swali la jumla: je, mila zetu zinamkandamiza mwanamke? Dakika hamsini baadaye kila mtu yuko alipoanzia.

Kipindi kilichofungua jalada kinaanzia Kashasha, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee ukamfika na hana wa kumtunza. Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo kupinga, akitegemea sheria ya kimila iliyokusanywa na kutangazwa na serikali mwaka 1963, ambayo ilimruhusu mwanamke wa Kihaya kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote bila kuiuza. Mpwa akashinda. Mahakama ya Wilaya ikapindua. Akakata rufaa, na jalada likafika Mahakama Kuu Mwanza, kwa Jaji Mwalusanya.

Hapa mtangazaji anayejua kazi yake anasimama kidogo, kwa sababu kuna tarehe ambayo msikilizaji asipoipata hataelewa kilichotokea. Sura ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, lakini utekelezaji wake mahakamani ukaahirishwa miaka mitatu, na mlango ukafunguliwa Machi 1988. Bibi aliuza shamba miezi mitano tu baada ya mlango huo kufunguka. Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni inayomnyima mwanamke kuuza, huku ikimruhusu mwanamume, inakwenda kinyume cha Katiba. Tangu sasa mwanamke wa ukoo auze kwa masharti yale yale anayowekewa mwanamume. Tazama alivyofanya: hakuiua mila. Haki ya ukoo kuikomboa ardhi yake kwa kulipa bei iliyonunuliwa aliiacha pale pale. Alichokifuta ni ubaguzi uliokuwa ndani yake. Vijana wanaobishana kana kwamba lazima uchague moja, mila au haki, wangekuta kwamba jaji wa Mwanza alishalifumbua fumbo lao kabla hawajazaliwa.

Na kipindi hakiishii hapo, maana hadithi haikuishia pazuri. Wajane wawili wa Kisukuma waliofukuzwa na wakwe kwenye nyumba walizojenga na waume zao walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 majaji wakakiri kwamba kanuni za urithi zilizotumika zinawabagua, kisha wakakataa kuzifuta, kwa hofu kwamba kila mila nchini itapingwa mahakamani. Rufaa yao ikatupwa kwa kasoro ya kiufundi kwenye nyaraka. Wakaenda hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliiona Tanzania kuwa na makosa. Kesi yao huko inajulikana kwa herufi tu, E.S. na S.C. Kati ya jaji aliyethubutu mwaka 1990 na majaji walioogopa mwaka 2006, Katiba ilikuwa ile ile. Kipi kilibadilika? Hilo ndilo swali la kumwekea mgeni mezani.

Anayedhani simulizi za majalada zitawachosha wasikilizaji akumbuke Serial, podikasti ya Marekani ya mwaka 2014 iliyochukua kesi moja ya zamani ya Baltimore na kuifuatilia kwa vipindi kumi na viwili. Ndiyo iliyoufanya ulimwengu uone podikasti ni jambo la kushughulika nalo. Watu walisubiri kila wiki wasikie ratiba ya basi la shule na kumbukumbu za simu. Maelezo madogo hayachoshi yakiwa na mpangilio. Kinachochosha ni maoni yasiyo na mahali pa kukanyaga.

Nirudi kwa wanafunzi wetu, maana wana matatizo yao ambayo Baltimore hawana.

La kwanza ni kwamba wao si mawakili, na msikilizaji hajali. Kipindi kikitoka kuhusu talaka, usiku ule ule zinaingia sauti za WhatsApp: mume wangu ameniacha, nyumba iko kwa jina lake, nifanyeje? Kijana wa mwaka wa tatu anatamani kusaidia. Sheria za uwakili za nchi zote mbili hazimruhusu asiye na leseni kutoa huduma za kiuanasheria, na hata bila sheria hizo, ushauri wa nusu unaweza kumpotezea mtu nyumba. Lakini kumwambia tu “tafuta wakili” ni kumtukana asiye na pesa ya wakili. Kati ya hapo pana njia. Kenya ina sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2016 na Tanzania ina yake ya 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. Nairobi ipo Kituo cha Sheria tangu miaka ya sabini, na Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kimekuwa na kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya sitini. Podikasti inayotaja mwisho wa kila kipindi mahali pa kwenda, siku zinazofunguliwa na karatasi za kubeba, imemsaidia yule mama kuliko ushauri wowote wa saa sita usiku.

La pili ni dola. Machi 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu, au redio na televisheni ya mtandaoni, awe na leseni, na ukijumlisha ada za mwaka wa kwanza mzigo ulikaribia shilingi milioni mbili na laki moja. Kwa mwanafunzi anayesubiri fedha za bodi ya mikopo, hiyo ni dhihaka. Kanuni zikaandikwa upya 2020 na kulegezwa 2022, ila kumbukumbu ya woga ilibaki, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Kenya nayo ina yake ya 2018. Matokeo unayasikia kwenye vipindi vyenyewe: vijana wanazungumza kwa ujasiri kuhusu mila za wazee, kisha sauti inashuka wakifika kwenye polisi. Siwalaumu. Ninasema tu kwamba utamaduni umekuwa mada salama, na baadhi ya podikasti zimejificha humo. Ukeketaji unaweza kuujadili mwaka mzima bila kuitwa popote. Kuhusu nani ananyimwa cheti cha kuzaliwa na ofisi ipi inamnyima, unapima maneno.

Wenzao wa Kenya walionyesha mwaka 2024 kwamba ukuta huo unaweza kupandwa. Muswada wa Fedha ulipotoka, vijana waliufungua kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwenye TikTok na kwenye mijadala ya sauti ya mtandao wa X, kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama. Walijitangaza kuwa hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Tukiacha yaliyofuata barabarani tarehe 25 Juni, na damu iliyomwagika, tuangalie jambo moja: muswada wa kodi, maandishi makavu kuliko yote, ulikuwa gumzo la vinyozi na mama mboga kwa sababu kuna waliokubali kuusoma wote. Na kauli ya kutokuwa na kabila ilitokana na kusoma huko, maana kifungu cha kodi ya mkate hakina Mjaluo wala Mkalenjin.

La tatu linawahusu wageni wa kipindi, na hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo mkubwa. Msichana anaalikwa asimulie alivyokeketwa, au alivyoozwa akiwa na miaka kumi na minne. Wanabadilisha jina lake na kuamini wamemlinda. Lakini sauti ni uso. Shangazi yake atamjua kwa kikohozi tu. Akitajwa na kijiji, na jina la shule, na mwaka aliomaliza, hakuna siri iliyobaki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina ya 2019, na zote zinataka ridhaa ya kweli. Wanafunzi wa sheria walipaswa kuwa wa kwanza kuziheshimu. Ridhaa iliyotolewa kwa shauku mchana wa kurekodi iulizwe tena baada ya wiki, kabla ya kipindi kutoka, na mgeni asikilize alichosema. Akijuta, kifutwe bila kumbembeleza.

Kinyume chake upo pia mfano wa mtu aliyetoka kwenye vyombo vya vijana akaingia mahakamani. Rebeca Gyumi alifahamika kwanza kwa vipindi vya televisheni vya shirika la Femina, akasomea sheria Dar es Salaam, kisha akafungua kesi kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18. Julai 2016 Mahakama Kuu ilimpa ushindi na kuipa serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria. Serikali ikakata rufaa. Moja ya hoja zake ni kwamba sheria ile ilizingatia mila na dini za wananchi. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa. Miaka aliyotumia kuwasikiliza wasichana mbele ya kamera haikupotea. Ilimwonyesha kifungu kipi kinaumiza.

Limebaki jambo dogo la kiutendaji ambalo linaua podikasti nyingi kuliko serikali. Nywila ya akaunti iko kwa mtu mmoja. Mtu huyo akihitimu anakwenda Shule ya Sheria, au anapata mafunzo kazini Arusha au Kisumu, na kipindi kinakatika katikati ya msimu bila hata kwaheri. Simu ikiibwa, na sauti zimekwenda. Vyama vya wanafunzi wa sheria vina hazina ya vikombe vya mashindano ya kuigiza kesi tangu enzi na enzi, lakini ukiomba kusikia walichosema wanachama wao miaka mitatu iliyopita hakuna anayejua kilipo. Cheche, pamoja na kupigwa marufuku, bado unaweza kulisoma, kwa kuwa karatasi zilibaki kwenye masanduku ya watu. Maktaba za vyuo zikubali kupokea sauti hizi kama zinavyopokea tasnifu. Na wahadhiri wanaolalamika kwamba wanafunzi hawasomi wafanye jaribio moja: badala ya insha ya kurasa kumi, wakubali dakika ishirini za Kiswahili zinazoeleza hukumu moja kwa mtu ambaye hajasoma sheria, na wazisahihishe kwa ukali ule ule. Atakayedhani ni njia ya mkato ajaribu yeye kwanza.

Hukumu nyingi ziko wazi, bila malipo, kwenye hazina za mtandaoni za TanzLII na Kenya Law, kwa hiyo kisingizio cha kukosa jalada kimekwisha. Na wewe msikilizaji una sehemu yako. Kijana akikuambia mahakama “ilisema” jambo fulani kuhusu mila yako, muulize mahakama ipi, mwaka gani, na kesi kati ya nani na nani. Akikujibu, jiunge na podikasti yake na umtumie mwenzako. Asipoweza kukujibu, hifadhi bando lako.